Kopo la Samli la Ba

Hekalu dogo la Wahindi, nyuma ya maduka ya Mpanda mjini, lilinukia samli inayoungua, ubani na maua ya manjano yaliyoanza kunyauka. Miaka ile ya tisini sisi tulikuwa Wasukuma tuliohamia kijiji cha Mwamkulu na ng'ombe wetu, na mama ndiye aliyepika samli ya kuwashia taa ya mle ndani. Kazi ya kuipeleka ilikuwa yangu, nami niliringa nayo kupita kiasi kwa msichana wa darasa la nne. Mlangoni nilivua kandambili, nikagonga kengele mara moja, kisha bibi mtunza hekalu, ambaye mji mzima ulimwita Ba, alifungua kopo na kuinusa samli kwanza. Taa yenyewe ilikuwa ya shaba, kuukuu. Babu wa mumewe aliibeba kutoka hekalu la kale la kijijini kwao India, na Ba aliisugua kwa ukwaju taratibu, kama anayemwogesha mtoto mchanga.

Mwaka mmoja, kiangazi kikiwa kimekausha maziwa ya ng'ombe, mama alikusanya samli kidogo kidogo kwa wiki kadhaa kwa ajili ya Diwali, sikukuu yao ya taa. Nikajikwaa njiani, nusu ikamwagika. Nilirudi nyumbani mbio. Mama alikuwa shamba, na jikoni kulikuwa na sufuria ya mafuta ya ng'ombe tuliyemchinja. Nikajazia. Sikuona kosa: si vyote vimetoka kwa ng'ombe?

Siku hiyo Ba alikuwa na mafua. Alinusa, hakuambulia kitu, akaanza kuinamisha kopo juu ya taa. Ndipo nikakumbuka kwamba Ba hakuwahi kuonja nyama, na kwamba ng'ombe wetu walipopita mbele ya hekalu aliwagusa paji la uso kwa heshima.

"Ba, humo kuna mafuta ya ng'ombe," nikasema.

"Kwani samli si mafuta ya ng'ombe, mtoto?"

"Ya ng'ombe aliyechinjwa, Ba. Nilimwaga, nikajazia."

Mkono wake ukasimama. Alifunika kopo, akaenda kunawa, akanawa muda mrefu sana. Nilijua nimefukuzwa, na sikujua mama ningemwambia nini. Aliporudi alikwangua samli iliyobaki kwenye kopo la mara iliyopita, akawasha utambi mmoja badala ya tambi tano.

"Ungenyamaza, mimi nisingejua," alisema, akanipa kipande cha nazi. "Mwambie mama, ikipatikana nyingine, wewe ndiye ulete."

Nikapeleka, mwaka ule na mingine mitatu. Ba hakunusa tena. Alifungua kopo langu na kumimina moja kwa moja, huku akiniuliza habari za shule, nami nilimpenda kwa hilo kuliko kwa nazi zake zote.

Familia yake ilihama na taa yao. Hekalu sasa ni ghala la mbolea, na kengele sijui iliishia wapi. Siku hizi samli nanunua dukani, kopo lina muhuri na maandishi pande zote. Nikifika nyumbani nalifungua, nainusa kwanza.