Tangi Lililozibwa kwa Sabuni

Nakumbuka Ijumaa moja, watu wametoka msikitini, nilipolionyesha kwa mara ya kwanza gari nililoliunda kwa mikono yangu uani kwa bibi yangu, mtaa wa Nguvumali. Kabla ya saa tisa bibi yule alikuwa amepoteza mkono wake wa kulia. Hakukatwa, mwanangu. Mkono upo mpaka leo, ila vidole vimeshikana, havikunjiki wala havinyooki, na yeye alikuwa msukaji wa mikeka. Nakwambia mwisho mapema ili usinisikilize kama mtu anayesikiliza hadithi.

Nakuita mwanangu ingawa tumepishana miaka michache tu; wewe mwenyewe ndiye uliyeanza kuniita shangazi. Jana umenitumia picha ya gari unaloliunda. Nyuma ya kiti cha dereva nimeona dumu la mafuta ya kula, limejaa petroli, limefungwa kwa kamba ya manila. Chini yake umeandika, "Shangazi, bado kupiga rangi tu." Niliitazama picha ile mpaka chai ikapoa. Bado kupiga rangi tu.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nimesomea mitambo, na hakuna jambo lililopita mbele yangu bila kuulizwa maswali. Bibi, jina lake Mwanahamisi, alikuwa akinikataza kukata kucha jioni. Nikamuuliza nani alilithibitisha. Chesisi na injini nilivitoa kwenye pikapu iliyokufa huko Pongwe. Bodi niliiunda kwa mabomba na bati: viti viwili, milango miwili mifupi, hakuna paa. Nia yangu ilikuwa nilifikishe Horohoro mpakani na kurudi bila kusukumwa.

Aliyenichomelea chesisi ni Mzee Shekue, mwenye gereji kule Pongwe. Gari lilipokaribia kuisha alikuja kulitazama. Alilizunguka mara mbili, akachutama nyuma ya viti.

"Injinia, tangi umeliweka chumbani."

"Shikamoo kwanza, mzee."

"Marahaba. Tangi umeliweka chumbani, unalala nalo."

"Gari halina paa. Mvuke wote utachukuliwa na upepo."

"Upepo wa wapi, likiwa limesimama?"

"Mzee, nimepiga hesabu."

"Hesabu ya kuungua au ya kutoungua?"

Akaniambia niweke ukuta wa bati kati ya tangi na viti, niweke fyuzi kwenye kila waya unaotoka kwenye betri, na ninunue mtungi wa kuzimia moto. Nikamwambia nataka sababu, sitaki mazoea. Akanitajia watu wawili aliowafahamu waliotoka na makovu. Nikamjibu kwamba watu wawili si utafiti. Ndiyo, nilimwambia hivyo mtu aliyeanza kuchomelea vyuma kabla sijazaliwa, na nikaona nimeshinda.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sababu nilikuwa nayo mwenyewe. Tangu mwaka wa kwanza chuoni nilijua kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupai. Unashuka na kutulia mahali pa chini. Na sakafu ya gari langu nilikuwa nimezikunja kingo zake kwenda juu, kama beseni, kwa sababu niliona inapendeza.

Ijumaa ile nilijaza tangi asubuhi. Jua likalipiga. Ilipofika adhuhuri mshono wa chini ukaanza kutoka jasho, tone baada ya tone, na tayari sakafuni palikuwa na unyevu. Nikafanya kama wafanyavyo madereva wengi wa huku: nikachukua kipande cha sabuni ya mche, nikaikandika kwenye mshono. Ikashika. Sabuni inashika kweli, na hiyo ndiyo shida yake. Inakupa saa moja ya kujiona fundi. Nikanawa mikono. Sikumwambia mtu.

Kwetu chombo kipya hakiingii barabarani bila kufukizwa. Bibi akatoka jikoni na chetezo, makaa mekundu, ubani na udi juu yake. Majirani walikuwa wamejaa uani, na Mzee Shekue alikuwepo pia, amekaribishwa pilau.

"Mke mwenzangu," bibi akaniita kwa ule utani wa bibi na mjukuu, "fungua mlango nikuombee heri."

"Bibi, moshi wa ubani unaisaidia nini injini?"

"Injini siijui. Wewe moshi huu utakutia adabu, maana chuo kimeshindwa."

Watu wakacheka. Nikaanza kumwelimisha, nimeegemea gari, natofautisha imani na sayansi kama mtu aliye mbele ya darasa. Mzee Shekue akanikata.

"Injinia, mbona pananuka?"

Wote wakanitazama. Hapo ndipo palipokuwa na nafasi yangu, mwanangu. Neno moja tu lilihitajika: linavuja. Badala yake nikasema, "Ni gari, mzee. Ulitaka linukie asumini?" Wakacheka tena, safari hii upande wangu. Bibi akafungua mlango mwenyewe, akainama, akakishusha chetezo sakafuni.

Hapakuwa na mlipuko kama wa kwenye sinema. Palisikika pumzi moja tu, na moto ukasimama juu ya sakafu yote kwa mara moja. Mkono wa bibi ulikuwa bado uko ndani. Mzee Shekue alimvuta kwa kiuno, akaubana ule moto wa kwenye mkono kwa kanzu yake, kisha akamwagia maji ndoo baada ya ndoo. Wengine wakachota mchanga, haukutosha. Mtungi sikuwa nao. Gari liliungua mpaka matairi, na wala sikuliona likiisha, maana tulikuwa njiani kwenda hospitali.

Siku ya tatu ndipo aliponiita karibu na kitanda.

"Mwezi mzima umenibishia. Kucha umebisha, ubani umebisha. Nikakuacha, nikasema mtoto ana akili. Sasa niambie. Ulijua kuwa petroli inavuja?"

"Nilijua, Bibi."

"Na hilo mbona hukubisha? Ungesema, makaa ningeyazima mwenyewe, dua nikaisomea kibarazani."

Nikaanza kumnyooshea shuka.

"Uliona haya mbele ya watu," akasema, na akageukia ukutani.

Ndivyo ilivyokuwa. Nilihoji ubani wake, nikahoji miaka yote ya Mzee Shekue, lakini tangi langu sikulihoji hata mara moja.

Basi nisikilize. Lile dumu litoe leo, kabla hujafikiria rangi. Weka tangi la chuma, nje ya mahali wanapokaa watu, na ukuta wa bati katikati. Mpira wa mafuta uupitishe mbali na ekzosi, uubane kwa vibano vyake, usifunge kwa waya. Fyuzi ikiungua tafuta kwa nini imeungua, usiniwekee waya wa shaba mahali pake. Mtungi wa kuzimia moto uwe pale mkono unapofika. Mshono ukitoka jasho, shusha tangi upeleke kwa fundi, na asilichomelee kabla halijaoshwa mvuke ukaisha, maana tangi tupu linaweza kulipuka vibaya kuliko lililojaa. Hutaki kuniamini? Vizuri, njoo Jumamosi unibishie, nitakuonyesha kwa kalamu na karatasi. Ila siku utakapolitoa nje, watu wamekusanyika, mtu akauliza mbona pananuka, usimtafutie mzaha. Sema linavuja, waondoe watu, hata kama pilau imeshapakuliwa. Utacheka nao kesho.

Mungu akupe gari la kukufikisha na kukurudisha, na akupe ulimi mwepesi wa kuutaja ubovu wa kazi yako mbele za watu. Wanaokupenda watakuja kuliombea dua. Awajaalie waliguse na mikono yao irudi salama. Amina.