Sweta la Kikapu cha Noeli

Wajukuu wangu wananicheka kwa sababu kila nguo ninayowapa wakati wa Noeli imechemshwa mpaka imepauka. Wacha wacheke. Mimi sinunui malori ya plastiki yanayovunjika kabla wali haujaiva. Nachukua kilichombana mmoja, nakishona palipochanika, nampa mwingine ambaye kitamtosha, na hakuna aliyewahi kufa kwa kuvaa kiraka. Lakini nachemsha kwanza, na debe likiwa jikoni nasimama mbali nalo. Huo ni woga, si usafi. Ninao tangu utotoni.

Kwetu ni vilimani nje ya Njombe, upande wa njia iendayo Uwemba. Wenzetu wa Uwemba walikuwa Wakatoliki, sisi Walutheri, na kabla ya vita ya pili ya dunia zawadi za watoto wetu zilikuja ndani ya sanduku la mbao kutoka Ulaya. Wamisionari wa Kijerumani walilifungua mbele ya mti wa Noeli, nasi tukapata filimbi za bati, kofia, na wanasesere wenye macho ya vifungo. Kisha vita ikaanza, serikali ya Waingereza ikawachukua Wajerumani wetu, na sanduku likakoma. Dukani kitambaa kikawa adimu, na kilichokuwapo bei yake haikusemeka.

Mwaka ule wa kwanza watoto walitoka kanisani mikono mitupu, wengine wanalia waziwazi. Mama yangu hakuwa mtu wa kusubiri ruhusa. Aliwaambia akina mama wenzake kwamba kila nyumba ina kitu ambacho mtoto amekizidi kimo: shati, kofia, kigari cha mti, pia ya kuchezea. Kila mmoja akifue, akitengeneze, akilete kikapuni, na mke wa mzee wa kanisa agawe kwa kuangalia kimo cha mtoto. Hakuna wa kutumia hata senti.

Wakaweka na masharti. Mtoaji hatajwi. Anayepewa hakatai, wala haulizi kitu kimetoka wapi. Na Jumapili ya kwanza ya mwaka mpya mtoto aje kanisani amevaa au ameshika alichopewa, ili aliyekitoa akione na moyo wake ufurahi. Kwa kweli siri haikuwapo. Mimi nilipewa kofia ya binti wa mwalimu, na kijiji kizima kilijua ni ya binti wa mwalimu, lakini wote tulijifanya imeshuka kutoka mbinguni. Mambo yakaenda vizuri hivyo kwa miaka kadhaa.

Ndui ilipokuja, ilipanda na barabara kutoka Makambako. Pale ndipo malori yaliposimama, watu wa kila upande wakilala pamoja kambini, na baba yangu alikuwa kibarua wa barabara palepale. Tulipata habari kwamba yeye mzima, ila kambi imewekwa karantini na hakuna wa kutoka. Nilianza kuogopa kila mtu aliyekuja na vumbi la barabara miguuni. Nilikimbilia nyuma ya nyumba hata alipopita mpeleka barua. Watoto wenzangu waliniita sungura, nami sikuona ubaya, kwa maana sungura huishi.

Kijijini kwetu ndui ilichukua watu wachache, lakini mmoja wao alikuwa mwenzangu wa kuchunga ndama. Alikuwa mtoto wa pekee wa jirani yetu wa bondeni, mama mjane aliyejua kufuma kuliko mwanamke yeyote upande ule. Siku ya pili baada ya mazishi alikuja dresa wa serikali, mganga msaidizi aliyetembea na sanduku lake la dawa, akaamuru vitu vyote vya marehemu vichomwe. Alisimama mbali na kutangaza kwa sauti kwamba atakayeficha kitu cha mgonjwa atapelekwa bomani. Kutoka shambani kwetu niliuona moshi. Mkeka, blanketi, shati. Yule mama aliviweka motoni kimoja kimoja kwa fimbo, wala hakulia.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemgusa. Hata baada ya dresa kusema nyumba ni salama, watu walimsalimu kutoka ng'ambo ya njia. Walishindwa hata jina la kumwita, kwa maana wote tulikuwa tumemwita kwa jina la mwanawe, na jina lile sasa liliogopesha mdomoni.

Noeli ikafika. Kikapu kilijaa kama kawaida, na mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa na miaka minne hivi, aliitwa mbele akavishwa sweta. Lilikuwa la sufu ya kijani ya kijeshi, na ukosi wake ulikuwa na mstari mwekundu. Watu wakapiga vigelegele, kwa sababu sweta kwetu kwenye baridi ya Juni si kitu kidogo. Mdogo wangu akageuka kujionyesha, akainua mikono juu.

Kiwiko cha kushoto kilikuwa kimetiwa uzi mweusi.

Nilikijua kiwiko kile. Nilikuwapo kilipochanika, tulipokuwa tunachuma matunda ya porini na mwenzangu akanasa kwenye miiba. Nilikuwapo pia mama yake alipokishona kwa uzi mweusi huku akimgombeza, kwa kuwa wa kijani ulikuwa umekwisha. Sweta lile yule mjane alilifuma kwa nyuzi za fulana ya askari ambayo kaka yake alirudi nayo kutoka vitani. Hapakuwa na jingine Njombe nzima.

Nikatazama benchi la akina mama. Yule jirani alikuwa ameketi mwishoni peke yake, anamwangalia mdogo wangu, na alikuwa anatabasamu. Sijawahi kuliogopa tabasamu kama lile. Wimbo ulipoanza nilishindwa kuimba.

Tulipotoka nje nilimvuta mama kanga.

"Mama, sweta hilo ni la marehemu."

"La marehemu gani?"

"Mwenzangu. Kiwiko nakijua."

Mama aliendelea kuwaaga watu, akicheka walipocheka, lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kumshika mdogo wangu begani. Tulipofika kijitoni, mbali na macho ya watu, alimvua lile sweta akilishika kwa vidole viwili. Akamwosha kwa maji ya baridi, akamsugua kwa mchanga mpaka ngozi ikawa nyekundu. Mtoto alilia akitaka sweta lake. Mama alilibeba kwenye ncha ya fimbo mpaka nyumbani.

Kuna jambo lililomtesa ambalo mimi nililijua pia. Mimi nilichanjwa, na kovu ninalo hadi leo. Mdogo wangu alichanjwa siku moja nami, ila chanjo yake haikushika. Mkono haukuvimba wala kutoa kidonda. Dresa alimwambia mama amrudishe. Mama akasema atamrudisha palizi ikiisha, na palizi haikuwa imeisha.

Angekuwapo baba, angelichoma lile sweta palepale na kumwendea yule mama kwa maneno makali. Lakini baba alikuwa Makambako. Mama aliketi jikoni akinena peke yake kwa Kibena, lugha ya kwetu, nami nikasikiliza. Akienda kwa dresa kuuliza, atakuwa amemfunga jirani yake. Akilichoma, Jumapili ya mwaka mpya mtoto atakwenda kanisani bila sweta, na yule mama atajua limechomwa, kama vile mwanawe amechomwa mara ya pili. Akimvisha mtoto, basi. Hapo hakumalizia.

Kesho yake alimbeba mdogo wangu mpaka Njombe, akamwambia dresa kwamba chanjo haikushika na palizi imekwisha. Kuhusu sweta hakufungua kinywa. Dresa alimchanja tena mtoto huku akinung'unikia sikukuu yake iliyovurugwa. Waliporudi, mama alitia maji kwenye debe, akaweka debe mafigani nje ya nyumba, akalichemsha lile sweta tangu jua la saa sita mpaka jioni. Nilisimama kwenye mahindi nikitazama mvuke na kuziba pua, nikiamini ndui inapanda nao kuja kunitafuta.

Sisi hatukuijua sufu. Sweta lilipotoka lilikuwa limesinyaa, zito, gumu kama ukoko, la kumtosha mwanasesere. Mama alilinyoosha kwa mikono, likagoma. Akaketi chini kwenye tope akacheka, na kicheko chake kilinitia hofu kuliko angelia.

Jumapili ya mwaka mpya hakungoja kanisa. Asubuhi mapema alitushika mikono, mdogo wangu upande huu na mimi upande wa pili, tukateremka bondeni. Njia ya nyumba ile ilikuwa imeanza kuota majani, kwa kuwa hakuna aliyeipita. Nilijivuta nyuma, mama akanivuta mbele.

Yule jirani alikuwa mlangoni.

"Kamwene," mama akamsalimu.

"Kamwene."

"Mwenzangu, nimekuja mwenyewe kabla hujatuona kanisani. Sweta nililichemsha, likasinyaa. Halivaliki tena."

Jirani alimwangalia. "Kwa nini ulilichemsha? Nililifua."

Mama akamvuta mdogo wangu karibu naye.

"Nilikuwa nimeliweka kihengeni, chini ya ulezi," jirani akasema polepole. "Kila nikichota ulezi naliona limelala bure. Nikasema kuna watoto wanaoona baridi hapa. Nikataka nione tena mikono ndani yake. Hilo tu."

"Najua," mama akasema. Halafu akafanya jambo ambalo sikumsamehe kwa muda mrefu. Alimsukuma mdogo wangu mbele. "Mikono hii hapa. Mshike."

Nilidaka shati la mdogo wangu kwa nyuma. Jirani akanyoosha mikono yake yote miwili. Ilikuwa imebaki shubiri moja kumfikia, ikasimama. Akaitazama ile mikono yake kana kwamba kuna mtu amemrudishia baada ya kuiazima. Uso wake ukabadilika mbele yetu, nikamwona akiogopa, yeye ambaye hakuwa ameogopa hata siku ya moto. Akaificha mikono nyuma ya mgongo.

"Nimefanya nini," akasema. "Mwondoe, mwenzangu. Mwondoe haraka."

Dresa alikuwa amewafundisha wote kwamba ndui hulala mwilini kimya, wiki mbili hata zaidi, kabla ya kujionyesha. Kwa hiyo tukangoja. Asubuhi iliyofuata, ukungu ukiwa bado chini, tulisikia sauti ya yule jirani kutoka ukingo wa shamba letu la maharage.

"Ameamka?"

Mama alitoka nje. "Ameamka!"

Kisha tukasikia nyayo zikiondoka. Kila asubuhi ilikuwa hivyo. Hakuvuka ukingo, hakuuliza zaidi. Nilikuwa naamka kabla ya wote, namtazama mdogo wangu alivyolala, nahesabu pumzi zake nikikosea na kuanza upya, nikingoja sauti ile na kuichukia.

Asubuhi moja aliamka mwili unawaka. Mkono uliochanjwa ulikuwa umevimba, na mama akasema ni chanjo imeshika, lakini alisema hivyo bila kunitazama. Sauti ikaja kutoka ukungu: "Ameamka?" Mama alifungua mlango nusu.

"Ameamka!" akajibu. "Anakula uji!"

Hakuwa anakula kitu. Mama aliporudi ndani alimfunua mtoto, tukaona vidoa vyekundu tumboni. Mama akaketi. Mimi nilianza kulia kwa sauti, nikalaani kikapu, nikalaani Noeli, nikamlaani yule jirani kwa maneno ambayo mtoto wa Kikristo hakutakiwa kuyajua. Mama hakunigombeza. Alikuwa ameinamisha uso karibu kabisa na tumbo la mtoto. Kidoa kimoja kikaruka kikatua kwenye mkeka.

"Kiroboto," akasema. "Ndui hairuki." Akakiminya kwa ukucha, kisha nikamsaidia kumfunika mtoto.

Homa ilikaa siku mbili ikashuka, na mkono ukaacha kovu zuri. Lakini wakati tunangoja hakuna aliyejua kwamba itaisha hivyo, na sauti iliendelea kuja hata siku za mvua kubwa, mpaka mwezi mwingine ukaandama na dresa alipopita akatazama kovu akasema chanjo imeshika, mtoto hana neno.

Kesho yake asubuhi sauti iliita tena. Mama hakujibu. Niligeuka nikamwangalia, kwa maana kule nje kimya kilikuwa kirefu na nilijua anachokifikiria yule aliyesimama kwenye ukungu. Ikaja mara ya pili, imepasuka katikati: "Ameamka?"

Mama alimwamsha mdogo wangu, akamwongoza mpaka mlangoni, akamwambia, "Nenda ujibu mwenyewe."

Akatoka mbio, miguu mitupu, akipita katikati ya maharage na kulowa umande mpaka kiunoni, akipiga kelele kwamba ameamka. Jirani alipomwona anakuja alirudi nyuma hatua, mikono ikaenda mgongoni. Mtoto hakusimama. Alimvaa magotini na kumkumbatia miguu, kwa sababu tangu zamani alimpenda na hakuna aliyekuwa amemweleza chochote.

"Mshike," mama akaita kutoka mlangoni. "Mwenzangu, sasa mshike."

Niliona mikono ikitoka nyuma ya mgongo, polepole, mmoja kisha mwingine. Mama alikuja kuniambia kwamba jirani alimshika mpaka jua likatoka. Mimi sikuona. Nilikuwa nimefumba macho.