Mwaka Niliomkatalia Shemeji Ngitili

Mume wangu alipofariki, kijiji kilinipa kazi yake ya kulinda ngitili na lambo lililo ndani yake. Ngitili ni malisho tunayoyafunga wakati wa mvua ili nyasi na miti vistawi, kisha kiangazi kikishika tunayafungua kidogo kidogo kwa makubaliano ya wote. Nilikubali upesi. Wanangu walikuwa Nyarugusu kwenye mashimo ya dhahabu, na nyumba ilikuwa imenizidi ukubwa.

Mwaka uliofuata vuli ilikatika mapema. Mahindi yalikauka yakiwa usawa wa goti. Lambo lilishuka mpaka tope la pembezoni likapasuka, na maji yaliyobaki yakavamiwa na magugu maji. Kila asubuhi niliingia mpaka kiunoni, nikayang'oa kwa mikono na kuyaburuta mbali yakaukie juani. Ukiyaacha karibu, yanarudi.

Shemeji, mdogo wa marehemu, alinikuta humo majini. Ng'ombe wake walikuwa wamesimama nje ya ua wa miba, mbavu zimewatoka.

"Mwangaluka, shemeji," alisalimu.

Niliitikia, nikatoka kwenye maji.

"Nifungulie upande wa kaskazini. Leo tu."

"Huko bado hakujafunguliwa na kikao. Wanyweshe kwenye birika kule chini, kama wenzako."

"Maji wanayapata. Wanachokosa ni majani."

"Nikikufungulia wewe, kesho nitamzuia nani?"

"Kaka angenifungulia."

"Asingekufungulia, na unajua."

Aliwapigia ng'ombe mluzi, wakageuka taratibu, vumbi likawafuata.

Siku chache baadaye alikufa ng'ombe wake mmoja, mwenye mimba. Habari hiyo hakuniletea mtu. Niliwakuta wanawake wakiizungumza kwenye birika, nao waliponiona wakanyamaza. Tangu hapo nilisalimiwa, basi. Hakuna aliyepita kwangu kuomba chumvi wala moto. Msibani nilipewa mboga nichambue peke yangu, pembeni ya wenzangu waliokuwa wakicheka chinichini. Wa kula nami hawakuja tena, nikajifunza kupika ugali wa mtu mmoja, kitu ambacho maisha yangu yote sikuwahi kukipimia unga.

Magugu niliendelea kuyang'oa. Mahali nilipopasafisha, yangeyange walirudi kutafuta vyura, wakawa wanatembea karibu nami bila woga. Siku nyingine sauti yangu ya kwanza ilitoka mchana, nikiwaambia wale ndege wanipishe.

Kikao kilipofungua upande wa kaskazini, nyasi zilikuwapo, kavu lakini ndefu. Mimi ndiye niliyeivuta miba ya mlangoni. Ng'ombe wa shemeji waliingia pamoja na wa wengine, naye akapita akiangalia mbele. Ng'ombe wake waliobaki walifika masika wakiwa hai.

Mvua zilipojaza lambo, mwanangu mkubwa alipiga simu. "Mama, njoo ukae na sisi huku."

"Na magugu?"

Alicheka, akidhani natania. Sikumwambia mengine.

Siku hizi mke wa shemeji huniletea maziwa. Hukaa kidogo, huuliza hali, huondoka. Nami hukiosha kibuyu chake na kumrudishia kikiwa na karanga. Shemeji mwenyewe bado hajaketi uani kwangu. Tukikutana njiani tunaamkiana, tunaulizana habari za mvua, na kila mtu anashika njia yake.