Kompyuta Iliyosahau Majina

"Na hii ya mezani kwako, mzee, niifunge pia?" fundi aliniuliza. Nikamjibu, "Funga zote." Laiti ningalisema hapana.

Nilikuwa na saiba ndogo Malindi, upande wa Kisumu Ndogo: kompyuta sita za wateja na moja yangu. Wateja walizitesa. Huyu kapakia michezo, yule kageuza maandishi yote yakawa ya Kichina, mwingine kaacha picha nisizoweza kuzieleza hapa. Ndipo fundi akaleta programu ya kuzifunga, inayokumbuka jinsi diski ilivyokuwa siku aliyoiweka. Mteja afanye atakalo; ukizima na kuwasha, kompyuta inarudi vilevile, kana kwamba hakuna aliyeigusa. Nilifurahi kama mtoto. Nikawaambia majirani, "Mimi nina mashine zinazooga zenyewe."

Mwaka huohuo shangazi yangu, dadake marehemu baba, alitoka Vitengeni kuja kutibiwa macho, akakaa kwetu wiki mbili. Binti yangu alikuwa mjamzito. Kwetu Wagiriama mtoto hupewa jina la mtu wa vizazi vya nyuma. Majina ya wanaume tulikuwa nayo mengi, lakini ya wanawake aliyajua shangazi peke yake: bibi zake, na bibi za bibi zake, nani aliolewa kutoka wapi, nani alikuwa mkali.

"Baba, yaandike kabla hajarudi kwake," binti yangu akanisihi.

Basi kila alasiri shangazi aliketi kando yangu saibani, kitambaa jichoni, mimi nikichapa kwa vidole viwili.

"Hicho kisanduku kinasikia?"

"Hakisikii, shangazi. Nasikia mimi."

"Basi tumekwisha. Wewe tangu udogo ukitumwa chumvi unarudi na sabuni."

Wateja waliacha kazi zao wakacheka.

Kila nilipotaka kuyatoa kwa printa alinikataza. "Majina ya watu hayatolewi nusu. Ngoja nimalize." Kwa hiyo niliyahifadhi humohumo, na jioni nilizima kioo tu, kompyuta ikabaki ikiwaka, tusipoteze mahali tulipofika. Programu ya fundi niliijua, niliisifu kila siku. Lakini nilidhani inafuta uchafu wa wateja, si kazi ya mwenye duka. Kosa hilo ni langu, fundi hana lake.

Ijumaa akamaliza. Wanawake kumi na mmoja. Wino wa printa ulikuwa umekwisha, nikasema nitayatoa kesho. Kwa furaha nikaizima kompyuta kabisa, mara ya kwanza tangu tuanze.

"Nayo ipumzike," nikasema.

"Ipumzike, maskini. Imesikia mengi."

Asubuhi niliikuta safi. Nilitafuta mpaka adhuhuri, nikamwita fundi. Akatazama, akakuna kichwa. "Mzee, imefanya kazi yake."

Ilinipasa kwenda moja kwa moja nyumbani nikaseme. Shangazi alikuwa jikoni kwetu, akimtania mke wangu kwamba anakuna nazi kama anayeogopa kuiumiza. Angenicheka wiki nzima, kisha angeyarudia yote. Lakini niliona aibu. Yale ya chumvi na sabuni, sasa mbele ya binti yangu! Nikawaambia karatasi ziko dukani. Jumapili nikampeleka stendi, akapanda gari la Vitengeni akiniamuru nimsomee yote akija tena kuangaliwa macho.

Hakuja tena. Mimi nilipata ujasiri wa kwenda kwake baada ya mavuno ya mahindi, mjukuu alikwisha zaliwa. Shangazi alinipokea kwa shangwe, akaniita kwa jina la baba yangu, akidhani ni kaka yake amekuja. Nilipomwuliza majina ya wale wanawake, akanitajia mbuzi wake, mmoja mmoja, na tabia zao. Tulicheka sana, na mbuzi wale hakika walikuwa na vituko. Njiani kurudi sikucheka.

Mjukuu ni msichana. Tulimpa jina la shangazi mwenyewe, na ulimi wake anao: juzi ameniambia nachapa kama kuku anayedonoa. Kisha akauliza, "Babu, na huyo shangazi alipewa jina la nani?"

Katika majina yale kumi na moja nakumbuka mawili. Tisa yamepotea, na hakuna aliye hai anayeyajua.