Ugonjwa wa Wawili, Nikamwambia Mumoja

Kaa kwanza, mwanangu. Umeniomba nikufundishe kazi ya damu, na mimi leo nimechoka. Magoti yananiuma, na tangu asubuhi nimekuwa nikiwaambia wazazi habari ileile. Wacha nikupe siku moja tu ambayo haijanitoka kichwani.

Nilikuwa dokta mupya, nikijua damu kuliko nilivyojua watu. Mama mumoja alitoka kule Itebero, siku mbili kwa miguu porini, na mutoto wake Baraka mugongoni. Macho ya mutoto yalikuwa manjano, mifupa inamuuma, damu karibu imeisha. Tukamuongezea damu, kesho yake akaomba ndizi. Vipimo vikaonyesha drepano, ule ugonjwa wa kuzaliwa nao, chembe za damu zinapinda na kuziba njia. Mama akauliza umetoka wapi. Watu walikuwa wengi mulangoni, nami nikamujibu bila kuketi, "Iko mu damu yako, Mama."

Sikusema uongo. Nilisema nusu. Baba yake mutoto alibaki shambani, na sikuagiza aitwe. Nikampa mama dawa, nikamwambia arudi baada ya mwezi mumoja.

Alirudi baada ya miezi mitatu, mugongo mutupu. Alikuwa amefikisha neno langu nyumbani kama nilivyomupa, na ndugu za bwana yake wakasema ukoo wake umewaletea damu mubaya. Wakamufukuza arudi kwao. Baraka akabaki kwa baba yake, kwa sababu kwa desturi yao mutoto ni wa baba. Maumivu yaliposhika tena, wakamukanda kwa majani, na hakukuwa na muntu wa kumubeba mpaka kwetu; Baraka akafa. Mama alitembea tena siku mbili zile ili aniulize jambo moja.

"Dokta, ni mimi njo nilimuua?"

Aliyemujibu ni Mama Yosefina, muuguzi wetu wa zamani. Alimushika mukono, akamweleza polepole kwamba drepano haiwezi kutoka kwa muzazi mumoja: baba alitoa nusu, mama nusu, na hakuna aliyejua. Yule mama alilia sana. Kisha Mama Yosefina akanigeukia.

"Kidole kimoja hakivunji chawa. Ugonjwa wa wawili, unamwambiaje mumoja?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Tangu siku hiyo sisomi majibu mpaka baba na mama wameketi mbele yangu, hata kama nitamungoja baba siku tatu. Wengi wananikasirikia. Leo asubuhi baba mumoja kutoka Burungu alifika na muke wake, akinuna, shamba lake la maharagwe linamungoja. Nikawaeleza wote wawili. Akamutoa mutoto kwenye mugongo wa muke wake, akamubeba yeye mwenyewe mpaka kwenye kitanda.

Basi, mwanangu, shika hili: weka viti viwili, na wewe pia uketi. Neno la damu lisitoke nusu kinywani mwako. Mungu akupe subira ambayo mimi nilichelewa kuipata, na yule mama wa Itebero, popote alipo, amupe usingizi usio na swali lile.