Mpwa wa Mwenye Nyumba

Nyumba za kambi pale Panda zilikuwa mali ya kampuni ya madini, na mfanyakazi hakuruhusiwa kupangisha hata kona ya jiko. Lakini mishahara ilikuwa imekatika, na tumbo halisomi sheria. Basi kila aliyekuwa na chumba cha uani alikipangisha kwa wanafunzi wa chuo, na kila mwanafunzi aligeuzwa ndugu. Mimi niligeuzwa mpwa. Mwenye nyumba wangu, fundi mitambo mwenye sauti ya upole iliyoniudhi kuliko matusi, alikuwa na dada aliyeolewa Zambia zamani asirudi tena, na hakuna mtu aliyewahi kuwaona watoto wake. Siku niliyohamia na binti yangu wa miezi minane, alinipa masharti pale pale mlangoni.

"Hapa weye ni mwipwa wangu, minye ni yomba yako. Chef de camp akiuliza, ile njo jibu. Umesikia, mama?"

Nilisikia. Kila asubuhi nilipiga goti mbele ya majirani, nikapiga makofi mawili madogo, nikamwamkia mjomba wangu wa kukodi kama mtoto aliyelelewa vizuri.

Chumba kilijengwa kwa matofali mabichi nyuma ya jiko, chembamba kiasi kwamba kitanda kiligusa kuta zote mbili. Mvua za kwanza zilipoanza, ukuta mmoja ukaanza kuinamia ndani. Ufa uliokuwa wa kuingiza ukucha ukawa wa kuingiza kidole. Mtoto alilala chini yake, kwa kuwa nikimhamishia upande wa pili angelala mlangoni, kwenye maji. Darasani mwalimu alisema, nami niliusikiliza ukuta.

Nilimwendea mwenye nyumba mara tatu. Mara ya tatu alicheka.

"Mutoto ya dada anaweza kushitaki yomba yake? Utaenda kwa nani?"

Alijua alichosema. Ningekwenda kwa chef de camp, yaani mkuu wa kambi, ningelazimika kwanza kukiri kwamba mimi ni mpangaji, na sote wawili tungetupwa nje siku hiyo hiyo. Vyumba vingine mjini vilikuwa vimejaa. Nilikuwa nimefungwa na mdomo wangu mwenyewe, na nilimchukia kwa hilo, nikajichukia na mimi.

Kisha mama yake akafa. Ndugu walikuja kutoka upande wa mto Lufira wakajaza uwanja, na uongo wetu ukalazimika kuvaa nguo za msiba. Marehemu alikuwa bibi yangu sasa, mwanamke nisiyewahi hata kumsalimia. Mama wakubwa na mama wadogo walinikumbatia wakimlilia dada yao wa Zambia. Nililia pamoja nao, na nusu ya machozi yangu yalikuwa ya aibu.

Kwenye kilio cha kwetu wajukuu wana haki yao. Humwigiza marehemu alivyotembea, hufunga mlango mpaka wakubwa watoe chochote, hutaja hadharani siri za ukoo, na ni mwiko mtu kukasirika. Siku ya tatu waliigiza sana, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ndipo mjukuu mmoja akanisukuma katikati.

"Weye wa Zambia, sema na weye!"

Sikuwa nimepanga kitu. Niliokota fimbo ya marehemu, nikakunja mgongo, nikatetemesha sauti.

"Bajukulu, nimekufa na haya. Mutoto yangu analalisha mwipwa yake na katoto chini ya ukuta yenye iko naanguka. Muende muone!"

Walicheka. Kisha kicheko kikakatika, maana kaka wa marehemu, mzee aliyekuwa mjomba halisi wa mwenye nyumba, alikuwa ameshasimama. Alizunguka jiko, akaingia chumbani kwangu, akaweka kiganja ukutani. Udongo ukamwagikia kiatu chake. Alirudi akamwita mwenye nyumba mbele ya watu wote.

"Weye ni yomba ya namna gani? Mwenye nyumba anaweza kulalisha muntu mule. Yomba, hapana!"

Aliamuru mawili: ukuta uvunjwe ujengwe upya kwa matofali ya kuchoma kabla yeye hajaondoka, na mtoto wao, yaani mimi, ahamie nyumba kubwa siku hiyo hiyo. Mzee aliketi kwenye kiti siku mbili nzima, akihesabu mistari ya matofali, na mwenye nyumba alichanganya udongo kwa mikono yake. Nilijiona mjanja kuliko wote. Nilikuwa nimemshitaki mwenye nyumba kwenye mahakama asiyoweza kuikimbia.

Ndugu walipoondoka, nilibeba godoro nirudi chumbani. Alinizuia kwa sauti yake ile ile ya upole.

"Umesikia mukubwa. Mutoto ya kwetu anakaa mu nyumba."

Vitu vyangu vilibaki nyuma ya viti vya sebuleni, na sisi tukalala mkekani hapo hapo. Mpwa si mgeni, kwa hiyo nilichota maji, nikawasha makaa kwenye mbabula, nikasonga bukari, ugali wa watu tisa, kabla ya kwenda chuoni. Mwisho wa mwezi alikuja kuchukua kodi kama kawaida. Nilimpa. Ningemlalamikia nani sasa, ilhali ukoo mzima ulikuwa umenililia kama mtoto wao?

Jumamosi moja alikuja msichana wa chuo kutazama chumba, mtoto mgongoni, mfuko kichwani. Mwenye nyumba alimwambia mimi ni mpwa wake, akamwonyesha ule ukuta, akaupiga kofi ausikie ulivyo imara, kisha akaingia ndani kutafuta ufunguo. Msichana alinisogelea, akaniita dada mkubwa kwa heshima.

"Yaya, yomba yako iko muntu ya namna gani? Kitu ikiharibika, anatengeneza?"

Nilifungua mdomo. Mwenye nyumba alikuwa amesharudi, amesimama mlangoni na ufunguo mkononi, na binti yangu alikuwa akitambaa kwenye saruji kavu karibu na miguu yake.

"Ni muntu muzuri," nikamwambia. "Ile ukuta ametengeneza na mikono yake."

Kuhusu ukuta sikudanganya, na sijawahi kuona haya kama siku ile. Msichana alinishukuru, akatua mfuko wake.