Shija wa Nyumbani

Nilipokuwa mtoto, kwetu upande wa Kishapu, mwanamke aliyekawia kujifungua hakuulizwa anaumwa wapi. Aliulizwa jina. Watu waliamini mtoto amegoma kutoka kwa sababu mama yake ametembea nje ya ndoa, na hatatoka mpaka mwanamume huyo atajwe. Ukichanika, basi, ushahidi ndio huo. Leo wajukuu zangu wananicheka nikiwasimulia, lakini mimi nilikuwapo, na nilikuwa na miaka kumi.

Dada yangu Minza alikuwa ameolewa na Masanja, kijana mkimya wa mji wa jirani. Mimba ilipokuwa nzito mama akanipeleka huko nikamchotee maji. Mama mkwe wake tulimwita Mayu Masanja. Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma. Alikuwa mwanamke safi, mrefu, na mkunga wa pale alikuwa yeye mwenyewe.

Uchungu ulimshika Minza alfajiri. Kesho yake jua lilikuwa utosini na mtoto hajatoka. Nilikaa nje ya mlango na ndoo yangu nikisikia swali lile lile. Ni nani? Minza akamtaja Masanja. Siyo huyo, mwingine. Akamtaja Masanja tena. Nguvu zilipomwishia akapiga kelele jina moja, "Shija," na papo hapo mtoto akaja kwa kishindo, dume kubwa, likamchana.

Mayu Masanja akatoka na mikono bado imelowa, akawaambia wanawake waliokusanyika uani, "Mmesikia wenyewe. Mwanamke aliye kwenye uchungu hatoi jina la uongo."

Dada yangu alichanika msamba wote mpaka njia ya haja kubwa. Akawa hawezi kuzuia choo wala upepo. Mayu Masanja akambandika majani yaliyopondwa, akamfunga miguu kwa kanga, akasema kidonda kitajifunga chenyewe siku atakapoeleza ni Shija gani. Siku ya nne homa ikapanda na harufu ikajaa nyumba. Mtoto aliletwa kunyonya tu, kisha akaondolewa. Chakula kilisukumwa mlangoni kwa mguu. Masanja hakuingia. Mtu wa kumwosha dada yangu nilikuwa mimi, na kila nilipobadilisha maji niliona anakwisha.

Nikamuuliza, Shija gani?

"Shija wetu wa nyumbani," alisema. "Nilimtaka mama, nikaona haya kumwita. Nikamwita mtoto."

Shija alikuwa mdogo wetu wa kiume, aliyezaliwa baada ya mapacha, Kulwa na Doto. Kwetu anayefuata mapacha huitwa hivyo, kwa hiyo ukiita Shija sokoni wanageuka watu kumi. Huyu wetu Minza alimbeba mgongoni mpaka siku anaolewa. Alishamweleza hivyo mama mkwe, akajibiwa asimfanye mtu mzima mjinga.

Asubuhi iliyofuata kisimani wanawake wakanizunguka. Wakanisifu, wakanitua ndoo kichwani, wakaanza kunichokonoa. Dada yako amesemaje? Ni Shija gani? Ningeweza kusema mdogo wetu. Nilimkumbuka Mayu Masanja na ule mguu wake unaosukuma sahani. Nikainamisha macho kama mtoto mwenye adabu.

"Amesema ni Shija wa nyumbani."

Wakatazamana. Maana baba mkwe wa Minza naye alizaliwa nyuma ya mapacha. Watu walimwita Baba Masanja, lakini jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Shija, na kila mtu mzima alilijua.

Mama mmoja akauliza polepole, "Nyumbani hapo alikoolewa?"

"Mimi mtoto, mama. Nimesema nilichoambiwa."

Nikajitwika ndoo nikaenda taratibu, ili habari itangulie kufika. Ilitangulia kweli. Jioni wazee wenzake walimpongeza Baba Masanja kwa kupata mtoto uzeeni. Wanawake wakamletea Mayu Masanja uji kama aliyezaa ni yeye, wakampa pole kwa mambo ya ndani. Nami nilikuwa nafagia ua ambao ulikwisha kuwa safi, nisipitwe. Angekanusha vipi, wakati yeye ndiye aliyeapa kwamba jina la kwenye uchungu ni la kweli?

Alivumilia siku mbili. Ya tatu akawaita wanawake wale wale, akasema maumivu yanamfanya mtu abwabwaje lolote. Akasema mtoto akiwa mkubwa lazima achane. "Hata mimi nilichanika kwa huyu Masanja."

Mama yule wa kisimani akamtazama. "Na wewe, dada, ulimtaja nani?"

Walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Mayu Masanja aliingia ndani na hakutoka siku nzima. Mpaka leo kicheko kile nikikikumbuka nashiba.

Kesho yake, kwa kuwa hapakuwa tena na jina la kungoja, Baba Masanja alifunga ng'ombe mwenyewe, akatandika nyasi kwenye mkokoteni, akatupeleka hospitali ya misheni, Minza na mtoto wake na mimi. Nesi aligomba. Angeletwa siku ile ile angeshonwa siku ile ile. Sasa kidonda kimeoza, hakishiki uzi. Wakamtibu homa, wakakisafisha, wakamkalisha kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, wakamlisha uji na mapapai asikaze choo. Alikaa kwetu kama miezi mitatu, ndipo wakamshona, nyama kwanza, ngozi mwisho. Akapona. Watoto wawili waliofuata aliwazaa hospitalini.

Mayu Masanja simwombi radhi, hata tukikutana ahera. Bila ulimi wangu dada yangu angezikwa na majani yake.

Ila yule mzee. Minza alipopona alieleza ukweli, nani amsikilize? Habari ile nyingine ilikuwa tamu zaidi, na wazee wenzake wakaendelea kumtania nayo hadi alipokufa. Siku ile njiani kwenda hospitali alitembea mbele ya ng'ombe, mabega yameshuka, na hakuniuliza chochote. Tulipopumzika alifungua kitambaa akanipa michembe, viazi vyetu vile vilivyokaushwa, sehemu kubwa kuliko yake. Akasema, "Kula, mayu, umemtunza dada yako vizuri."

Kwa maneno mawili tu, "mdogo wetu", ningemsafisha pale pale. Nikala michembe yote. Sikusema.